Daftari la Kulinda Gari

Jumamosi, 27 Septemba

Papa amenipa daftari hili, kurasa mia moja, jalada la buluu. "Usiandike mashairi," alisema. "Andika ile unaona."

Keshokutwa gari lake linaingia garaji ya Papa Modeste, hapa hapa Majengo, mjini Goma. Ni gari la michezo la Kijapani, milango miwili, rangi nyekundu iliyofifia, na limenizidi umri miaka kumi na mitatu. Papa anaendesha kamyo, lori la mizigo, lakini gari la namna hii amelitamani tangu ujana. Mwaka jana akalipata kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Tatizo ni kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya barabara laini kama meza, na sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano. Tumbo linagonga kila jiwe. Ukikanyaga breki, linafikiri kwanza. (Mwalimu anataka tuandike breki. Garaji wanasema freni.)

Tarehe 20 Desemba dada yangu Furaha anaolewa katika mji wa Kiwanja. Papa ameapa atamshusha mwenyewe, kwa gari hilo, mteremko wote mpaka Kalengera na kupita. Kwa hiyo linawekewa disiki za breki kubwa zaidi, plaketi mpya za kuzibana, na amortiseri nne mpya za kubeba mishtuko.

Kwetu gari haliachwi garaji peke yake. Mtu wa familia anakaa nalo mpaka jioni, la sivyo unaingiza kipya na unatoka na kibovu. Papa atakuwa safarini. Baba mudogo Aboubacar, mdogo wake, anaongea sana, hawezi kuona kitu. Mimi natoka shuleni saa sita na nusu.

"Nasiba hasemake," Papa alimwambia Mama. "Lakini anaonaka."

Sijui kama ilikuwa sifa.

Jumatatu, 29 Septemba

Garaji ni uwanja wa mawe meusi na mabati sita juu ya miti. Papa Modeste, mwenye garaji, anakaa juu ya tairi na kutoa amri. Gari letu amempa Kataliko, fundi kutoka Butembo, mrefu, mwenye miezi minne tu hapa. Mteja mmoja alishalalamika juu yake kwa ajili ya betri. Modeste alimwambia mbele yetu sote: "Plainte moja tena, Kataliko, unabeba kesi yako ya vyombo unaenda." Kesi ni sanduku lake la vyombo vya kazi.

Kataliko alinipa kidumu kilichopinduliwa nikalie. Akaona daftari.

"Wewe njo polisi?"

Nilifunga daftari kwa aibu.

"Karibu, polisi," alisema, akaingia chini ya gari.

Nimeandika: mtu wa kuangaliwa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua. Hakuna kilichofanyika. Nilisoma historia chini ya mabati.

Jumatatu, 6 Oktoba

Amefungua magurudumu yote manne. Kila chuma kinachotoka anakitupa ndani ya mfuko wa makala, mkaa wa kupikia, kwa sababu desturi ni kumrudishia mwenye gari vyuma vyake vya zamani, hata kama vimekwisha. Ninavihesabu vinavyoingia. Leo nilihesabu kumi na moja. Alipokwenda kunawa nilifungua mfuko: kumi. Nilitaka kupiga kelele lakini sauti yangu haitoki upesi. Aliporudi alikuwa na chuma cha kumi na moja mkononi, kimeoshwa kwa petroli.

"Nilitaka kuona kama imepasuka," alisema, bila kuulizwa.

Kwa nini mtu ajieleze bila kuulizwa?

Alhamisi, 9 Oktoba

Baba mudogo Aboubacar amerudi kutoka Kampala na vyuma vipya. Usiku huu viko chini ya meza ya sebuleni, na kesho vinakwenda garaji. Amortiseri nilikuwa sijaiona kwa karibu. Ni bomba jeusi lenye mafuta ndani, na kutoka kwenye bomba hilo inatoka fimbo ya chuma inayong'aa kama kioo, ambayo inaingia na kutoka gari likiruka. Fimbo imevalishwa mpira wenye mikunjo ili vumbi lisiingie. Ndani ya katoni kulikuwa na karatasi moja ya maelezo, Kifaransa upande mmoja na Kiarabu upande mwingine. Nimeikunja, inanifaa kuweka alama ya ukurasa katika daftari hili.

"Bafundi bote ni bamoja," Baba mudogo alisema, mdomo umejaa wali. "Banaweza kukuvua soksi na viatu vingali mu miguu. Vyuma hivi vinaomba alama."

Mama akasema ni kweli. Yeye, akiazimisha sufuria kwa ajili ya sherehe, anazipaka chini tone la verni nyekundu ya kucha, na hata zikichanganyika na sufuria mia moja za watu, zinarudi. "Kamata verni ya Furaha," aliniambia.

Nilifikiri sana. Verni inafutwa na petroli, na Kataliko anaosha kila kitu kwa petroli. Kwa hiyo nilichukua kompa yangu ya jometri, ile ya kuchorea duara, yenye ncha ya chuma. Nyuma ya kila plaketi nilichora N. Kwenye ukingo wa kila disiki, N. Amortiseri zilinisumbua, kwa sababu bomba lina rangi nyeusi ambayo mtu anaweza kuipaka upya. Basi nilisukuma mpira juu na kuchora N kwenye fimbo yenyewe inayong'aa. Chuma kilikuwa kigumu, nililazimika kurudia kila mstari mara nyingi, kwa nguvu. Halafu nikashusha mpira. Hakuna atakayejua.

Nne zote. Ninajivunia.

Jumanne, 14 Oktoba

Nilifika saa saba, disiki mbili za mbele hazipo. Kataliko hayupo. Modeste hajui. Nilikaa juu ya kidumu, nikawa natafuta maneno ya kumwambia Papa kwenye simu. Saa tisa na nusu Kataliko akashuka kwenye pikipiki, disiki zimefungwa ndani ya koti lake. Alisema tundu la katikati lilikuwa dogo kuliko kitovu cha gari letu, akazipeleka kwa tourneur, mtu mwenye mashine ya kukata chuma, akazipanua.

Alipogeuka nilizichunguza. N ipo. N ipo.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nimefikiri: mwizi mwenye akili anarudisha mara ya kwanza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Shuleni interro ya kemia, mtihani mdogo. Mvua. Alifunga plaketi, nilisimama karibu, N zote zipo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo amefunga amortiseri. Alitazama ndani ya katoni, akaipindua, akaitikisa.

"Polisi, hamukuona karatasi humu? Hizi bintu biko na karatasi yake. Kila kompani iko na mambo yake."

Karatasi ilikuwa ndani ya daftari hili, kwenye magoti yangu. Nilijiuliza anaitakia nini. Baba mudogo alishasema wanachukua karatasi na katoni ili wauze cha zamani kama kipya. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Sawa," alisema. "Tutafanya na macho."

Alipomaliza gari lilikuwa limesimama juu zaidi, vidole vinne. Alilikandamiza kwenye pua kwa mikono miwili, likainuka mara moja na kutulia. Akacheka peke yake. Ni mara ya kwanza kumwona akicheka. Ana jino moja la mbele lililovunjika.

Jumamosi, 8 Novemba

Papa yupo. Ana sheria ambayo nimeisikia tangu utoto: gari likitoka garaji, siku ya kwanza fundi anakaa mbele, kando ya dereva. Kama freni hazishiki, wanakwenda pamoja. Anasema mtu anayekataa kiti cha mbele ameshakiri.

Kataliko alipanda mbele hata kabla ya kuambiwa. Mimi nilikaa nyuma, magoti kwenye kidevu. Tulipanda hadi Kibumba, tukageuza, tukateremka. Papa alikanyaga breki mara tisa. Mara ya tisa ilikuwa kwa nguvu mpaka daftari likaruka likampiga Kataliko kisogoni.

"Polisi anapiga sasa!" alisema, na Papa akacheka sana.

Gari linasimama kama linavyoamriwa. Sikupata cha kuandika dhidi yake. Nimehisi, sijui, kama nimenyimwa kitu.

Jumatano, 12 Novemba

Doa la mafuta chini ya gari, uani kwetu, upande wa kushoto mbele. Dogo kama kifuniko cha chupa. Nimelipima kwa rula: sentimita tatu.

Ijumaa, 14 Novemba

Sentimita saba.

Nilimwambia Baba mudogo Aboubacar. Alilala chini, akatazama kwa taa ya simu. "Mafuta inatoka mu amortiseri. Mupya haitokake mafuta. Nilisema nini? Nilisema nini?"

Nilimpigia Papa, yuko njiani na kamyo. Akasema atalitazama akirudi.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua siku nzima. Doa limeoshwa, siwezi kupima.

Sasa yote yanaingia mahali pake. Katoni aliyoitikisa. Safari ya pikipiki. Chuma cha kumi na moja. Kicheko kile. Nimesoma daftari hili tangu mwanzo na kila ukurasa unasema jambo moja.

Jumamosi, 22 Novemba

Papa alirudi jana jioni amechoka, hakulitazama gari. Leo ilikuwa siku ya kupeleka vitu kwa wakwe, na familia ya Shukuru, mchumba wa Furaha, ilikuwa inatungoja Kiwanja tangu asubuhi. Nilimkumbusha Papa juu ya mafuta. Alitumbukiza kichwa chini, akasema: "Ni kidogo. Freni ni mambo mengine, amortiseri ni mambo mengine. Tutaona na yule fundi tukirudi." Furaha alikaa mbele. Mimi nyuma, kati ya vitenge na jagi.

Mteremko wa kabla ya Kalengera ulikuwa umelowa. Mbele yetu pikipiki yenye mifuko ya maharage ilisita. Papa akakanyaga breki. Gurudumu la kulia lilishika. La kushoto halikushika. Gari likageuka kama mtu aliyevutwa shati, likatoka barabarani, likapita juu ya mtaro, likaingia ndani ya shamba la maharage la watu na kusimama juu ya jiwe.

Halafu Furaha akasema, "Jino langu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anatafuta kitana. Mdomo wake ulikuwa umejaa damu. Jino halikutoka, mdomo ndio ulipasuka. Papa alimshika uso kwa mikono miwili akarudia jina lake, akarudia, akarudia. Sijawahi kumwona Papa akiogopa.

Mwenye shamba, mama mmoja aliyeitwa Dative, alikuja mbio na jembe. Alitaka kutugombeza, akaona damu, akaleta maji. Watu walilisukuma gari hadi barabarani. Papa alifungua gurudumu la kushoto. Disiki ilikuwa inang'aa mafuta. Yalikuwa yametiririka kutoka amortiseri, upepo na maji ya barabara vikayatupia kwenye disiki na plaketi.

"Atanieleza," Papa alisema. "Yule mutu atanieleza."

Nilishikilia daftari. Nilifikiri: ninayo yote humu, tarehe kwa tarehe.

Jumanne, 25 Novemba

Gari lilivutwa hadi garaji jana. Leo tulikuwa wote: Papa, Baba mudogo, Modeste juu ya tairi lake, mafundi wengine wameacha kazi kutazama. Kataliko alifungua amortiseri ya kushoto. Baba mudogo alikuwa anasema kwa niaba ya wote.

"Umeweka ya zamani! Mupya iko wapi? Umeuzisha wapi?"

"Ni ile ile mulileta," Kataliko alisema.

Papa akanigeukia. "Nasiba. Uliweka alama?"

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Wapi?"

Nikaonyesha mpira. Kataliko akausukuma juu. N ilikuwapo, yangu, mguu wa mwisho ukiwa umepinda kidogo kwa sababu kompa iliteleza. Akaifuta kwa kitambaa. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, polepole, kwenda na kurudi. Ukucha ulikwama. Akatazama mahali fimbo inapoingia kwenye bomba, pale mafuta yalipokuwa yanatoka. Halafu akaniangalia.

Hakuniangalia vibaya. Hilo ndilo linanisumbua.

"Hii chuma imechorwa na mutu," alisema.

"Na wewe!" Baba mudogo alipiga makofi. "Uliona alama ya mutoto, ukachora sawa yake mu ile ya zamani. Mwizi anajua kuandika!"

Watu wakacheka. Modeste hakucheka. Alisema: "Kataliko, Jumamosi saa nne unaniletea amortiseri mupya ya muzee Assumani, mwenye gari hii. Hapana hivyo, unabeba kesi yako, na nitaambia garaji zote za Goma jina lako."

Kataliko akainama kuokota vyombo vyake, kimoja kimoja. Nilitazama viatu vyangu.

Jumatano, 26 Novemba

Nimejua.

Nilifungua daftari kutafuta tarehe 9 Oktoba, na karatasi ya katoni ikaanguka. Sikuwahi kuisoma, mimi ninayesoma hata maandishi ya mifuko ya sukari. Upande wa Kifaransa, mstari wa nne, wenye picha ya koleo iliyokatwa kwa msalaba: fimbo isiguswe kwa chombo chochote cha chuma; mkwaruzo mdogo unakata mpira wa ndani na mafuta yanatoka.

Kila gari lilipoinuka na kushuka, N yangu ilipita kwenye mpira ule kama kisu. Mara elfu ngapi kutoka Majengo hadi Kibumba na kurudi?

Aliomba karatasi hii. Nilikuwa nayo kwenye magoti.

Ijumaa, 28 Novemba

Nilijaribu kumwambia Mama. Nilisema, "Mama." Akasema, "Nini?" Nikasema, "Hakuna."

Furaha anakula uji kwa mrija.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilifika garaji pamoja na Papa na Baba mudogo saa nne kasorobo. Kataliko hakuwa na amortiseri. Kesi yake ya vyombo ilikuwa imefungwa kwa kamba, juu ya kidumu ambacho mimi hukalia.

Modeste akasema, "Basi." Kataliko akainua kesi begani.

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa na sentensi tatu nzuri. Zote zikakauka. Nilichoweza ni kufungua daftari hili na kusoma, kwa sababu kusoma naweza.

"Alhamisi, tisa Oktoba," nilisoma.

"Soma nguvu!" Modeste alisema.

Nikasoma kwa nguvu. Niliposoma maneno ya bafundi bote ni bamoja, Baba mudogo akasema, "Eh, hiyo iache," lakini sikuacha, kwa kuwa kama ningeacha moja ningeacha yote. Nikasoma kompa. Nikasoma "kwa nguvu". Nikasoma "ninajivunia". Kisha nikageuza hadi 25 Oktoba, karatasi kwenye magoti yangu, na jinsi nilivyotikisa kichwa. Nilisoma pia mtu wa kuangaliwa na mwizi mwenye akili, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mwisho nikasoma mstari wa nne wa karatasi ya katoni, kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili.

Mbali kidogo mtu alikuwa anagonga bati, akaacha.

Papa alichukua karatasi akaisoma mwenyewe, midomo ikitembea. Kisha akamwendea Kataliko, akaishusha kesi kutoka begani mwake, akaiweka chini. Papa ni mtu wa kutoomba msamaha. Aliinama akafungua ile kamba.

"Mimi pia niliona mafuta," alisema akiwa bado ameinama. "Nikatembeza gari tu."

Modeste akamwambia Baba mudogo: "Wewe, mwenye soksi na viatu, utarudi Kampala kuleta zingine." Mafundi wakacheka, safari hii Kataliko pamoja nao.

Watu walipotawanyika nilimuuliza, kwa sauti ambayo nadhani aliisikia kwa shida: "Papa Kataliko, uliona kama ni mimi. Kwa nini haukusema?"

Akafikiri. "Mugeni aseme mutoto wa muteja njo aliharibu? Wangenipiga." Akachukua bisibisi. "Na wewe njo ulikuwa na kaye." Akalionyesha daftari kwa ncha ya bisibisi.

Jumatatu, 1 Desemba

Papa hajaongea nami tangu juzi. Kompa ameiweka juu ya kabati.

Jumatano, 10 Desemba

Furaha amejua. Nilidhani atalia. Alisema, "Picha za harusi nitafunga mdomo," akanipiga na kandambili, moja tu.

Ijumaa, 12 Desemba

Amortiseri nne mpya zimefika, na plaketi za mbele. Kataliko alizipanga juu ya gunia, akaniita.

"Polisi. Alama."

Nikasema hapana, sitaki tena.

"Weka. Mutu ule atakuja nyuma yangu ataiona. Siku moja mutaenda kwa fundi mwingine, na yeye si mimi."

Nilikwenda mbio nyumbani, nikarudi na verni nyekundu ya Furaha. Alishika kila amortiseri kwa mikono miwili, bomba jeusi likinitazama, isitikisike, nami nikapaka tone moja chini kabisa. Alipulizia kila tone mpaka likakauka. Alipomaliza kuzifunga, vyuma vya zamani alivitia katika mfuko akanipa. "Hesabu," alisema. Nikahesabu mbele yake. Vilikuwa vyote.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Papa alikuwa ameshawasha gari. Kataliko alifungua mlango wa kushoto akataka kuingia mbele, kama sheria inavyosema.

"Apana," Papa alisema. Ni neno la kwanza alilosema karibu nami kwa wiki mbili. "Mbele anakaa ule aliyeweka alama mu chuma."

Wote wawili wakanitazama.

Kataliko akajikunja kuingia nyuma, magoti yake marefu yakagusa masikio. Mimi nikakaa mbele na daftari, nikafunga mkanda. Tulipanda Kibumba na safari hii hatukugeuza. Papa alikwenda mbele mpaka mteremko ule ule, barabara ikiwa bado na unyevu. Upande wa kulia niliona shamba la mama Dative na njia ya magurudumu yetu katikati ya maharage, imeanza kuota tena.

"Shika," Papa alisema, na akakanyaga mpaka mwisho.

Magurudumu yote manne yalishika pamoja. Pua ikainama, ikainuka mara moja, ikatulia. Tulikuwa katikati ya njia yetu, tumenyooka. Papa hakuondoa mguu kwa muda. Niliona mkono wake umekuja mbele ya kifua changu, kama nilivyokuwa mdogo kwenye kamyo, na sidhani kama alijua ameuweka hapo.

Kutoka nyuma, kati ya magoti, Kataliko akasema: "Andika."

Nimeandika: limesimama.